Jogoo wa Mbegu Hachinjwi

Mkulima wa mahindi ajua tangu utoto wake kwamba mbegu hailiwi. Hata njaa ikibisha hodi, mahindi yale manene yaliyotundikwa juu ya meko yapate moshi hayaguswi mpaka mvua inyeshe. Unga ukiisha, heri mke akope kwa jirani kuliko kuyapukuchua. Lakini mkulima huyo huyo, mgeni akifika kwake jioni, humwita mtoto na kumwamuru akamate jogoo mkubwa kuliko wote walio uani. Mahindi ya mbegu yamelindwa. Jogoo wa mbegu amekwenda chunguni.

Jambo hili lawahusu hasa wale wafugao kuku wa asili kwa kuwapenda. Wako walimu, makarani na wakulima wengi ambao, kazi ikiisha, hupenda kuketi barazani na kutazama kuku wao wakichakura, huyu mwekundu kama moto, yule wa madoadoa kama kanga. Burudani hiyo ni njema wala haina gharama kubwa. Lakini kupenda kuku ni jambo moja, na kuhifadhi mbegu yake ni jambo jingine. Apendaye bila kuchagua atakuta siku moja kwamba kile alichokipenda kimetoweka mikononi mwake.

KWA NINI KUKU HUDHOOFIKA

Watu husema kwamba kuku wa kienyeji ni mdogo kwa asili yake. Neno hilo lina ukweli kidogo na uwongo mwingi. Na tuseme mfugaji ameangua pora kumi. Wawili wakua upesi, wana vifua vipana na miguu imara. Krismasi ikija, mnunuzi apita na kuwachagua hao wawili, kwa maana hakuna anunuaye kuku mwembamba akiona mnene. Wa tatu achinjiwa mkwe, na wa nne apelekwa sokoni karo ya shule ikidaiwa. Mwishoni abaki yule aliyekuwa akikimbizwa na wenzake, asiyetakiwa na mnunuzi wala na mpishi. Huyo ndiye awaye baba wa vifaranga wa mwaka ujao.

Jambo hili likirudiwa miaka kumi, ni ajabu gani kuku wakipungua umbo? Kuku hawakosi asili njema; mwenyewe ndiye achaguaye kila mwaka aliye mbaya kuliko wote awe mzazi, naye hajui kwamba amechagua.

Wengine walitafuta dawa mbali. Katika siku za ukoloni maofisa wa ukulima waliwasifu sana kuku wa kizungu, kama Rhode Island Red na Light Sussex. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1976, Serikali ya Kenya kwa msaada wa Uholanzi ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na ndani yake mkulima aliweza kutoa jogoo wake wa kienyeji akapewa wa kigeni. Vifaranga wa kwanza wa mchanganyiko huo huwa wakubwa, na mwenyewe hufurahi. Lakini chotara akizaa na chotara bila mtu kuchagua, wajukuu hutoka kila mmoja na sura yake, na wengi wao hupoteza ile hamu ya kulalia mayai. Kuku asiyelalia, katika nyumba isiyo na mashine ya kuangulia, ni mwisho wa ukoo.

Haisemwi hapa kwamba kuku wa kigeni ni mbaya. Akiwa katika banda jema, akipewa chakula cha kununuliwa na dawa kwa wakati wake, hutaga mayai zaidi ya 250 kwa mwaka, hali mtetea wa kienyeji ajitafutiaye hutaga yapata 40 hadi 60. Lakini huyu wa pili hujilisha kwa wadudu na mabaki, hukwepa mwewe, hulalia na kulea wanawe mwenyewe. Kila mmoja ana kazi yake. Waingereza wenyewe waliona jambo hili: mwaka wa 1973 walianzisha chama cha kuokoa mifugo yao ya zamani iliyokuwa karibu kutoweka, na kuku wa kale kama Dorking wamo katika orodha ya wale wanaoangaliwa. Waliofundisha wengine kuacha kuku wa babu zao hivi leo walinda kuku wa babu zao wenyewe.

AINA ZISTAHILIZO KUHIFADHIWA

Wa kwanza ni kuchi, ajulikanaye sana Pwani, hasa katika Lamu. Ni kuku mrefu, asimamaye wima kama askari kwenye gwaride, mwenye shingo ndefu, undu mdogo, na miguu minene. Jogoo wake aliyekomaa hufika kilo 3 na kuzidi, hali jogoo wa kawaida wa kienyeji huwa na kilo 2 hivi. Wataalamu waliochunguza damu ya kuchi waliona kwamba ana udugu na kuku wa mapigano wa Asia ya Mashariki. Na jambo hilo haliwashangazi watu wa Pwani, ambao tangu kale walipokea vyombo vilivyokuja na pepo za msimu. Kuchi hutaga mayai machache, kwa hiyo amfugaye awe mtu wa subira. Aidha, wako wanaomfuga ili kumpiganisha. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza mchezo huo, nayo ni haki. Uzuri wa kuchi waonekana akisimama juani, hauhitaji damu.

Wa pili ni kishingo, kuku wa shingo tupu. Watoto humcheka, lakini mwenye akili hamcheki. Kwa kuwa manyoya yake ni machache, joto humtoka upesi, naye hustahimili jua kuliko wenzake. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza jinsi badiliko moja la urithi linavyozuia manyoya kuota shingoni. Mfugaji aweza kuusoma urithi huo kwa macho. Kishingo mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo amerithi upara huo kwa mzazi mmoja tu. Asiye na kishada, au mwenye nyoya moja mawili tu hapo, ameurithi kwa wazazi wote wawili, na watoto wake wote watakuwa vishingo hata akipandana na kuku wa kawaida.

Wa tatu ni kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda kwenda nje kana kwamba amepigwa na upepo wa kisulisuli. Hapa pana onyo. Wapenzi wengi wa kidimu humpandisha jogoo kidimu kwa mtetea kidimu, wakidhani watapata vidimu watupu. Kwa kawaida katika vifaranga wanne wa ndoa hiyo, wawili hutoka vidimu, mmoja hutoka mwenye manyoya laini, na mmoja hutoka na manyoya hafifu yakatikayo hata akabaki karibu uchi, akaumia kwa baridi. Njia njema ni kumpandisha kidimu kwa kuku laini. Nusu ya watoto watakuwa vidimu, wala hakuna atakayeteseka.

Tena wako kibutu asiye na mkia, kuku wa kishungi kichwani, na wale wa rangi za kila namna wasio na jina maalumu. Hawa wa mwisho wasidharauliwe. Kuku wa kawaida ambaye ukoo wake umeishi katika kijiji kimoja tangu zamani za mababu, ukapita ukame na magonjwa, ana sifa ambazo hazionekani kwa macho.

MBARI TATU

Mwenye kuanza achague aina moja tu, asitamani zote kwa pamoja. Kisha ajue adui wa kwanza wa mbegu iliyo chache: ndugu kuoana na ndugu. Jogoo akikaa nyumbani miaka mitatu, atapanda mama, binti na mjukuu. Matokeo yake ni mayai yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu, na vidole vilivyopinda. Hakuna mtu wa heshima amwozaye binti yake kwa kaka yake. Basi kwa nini kuku waachiwe kufanya hivyo?

Dawa yake ni ile ile waliyoitumia wazee kwa watu, yaani desturi ya mbari. Majirani watatu wapatane kufuga aina moja. Kuku wa kwanza waitwe mbari ya Mwembe, wa pili Mkuyu, wa tatu Mbuyu. Kila mbari iwe na mitetea sita hadi kumi na jogoo mmoja, pamoja na pora mmoja wa akiba. Kila mwaka pora bora wa Mwembe aenda kuoa Mkuyu. Wa Mkuyu aenda Mbuyu. Wa Mbuyu arudi Mwembe. Binti hubaki katika mbari ya mama yao, na jogoo wa mwaka uliopita huondolewa. Kwa njia hii hakuna jogoo ampandaye binti yake wala dada yake, na mbegu hukaa miaka mingi bila kuharibika. Mtu aliye peke yake, kama ana nafasi, aweza kujenga mabanda matatu mwenyewe.

Lakini majogoo wa jirani hawajui mapatano. Kwa hiyo wakati wa kutafuta mayai ya mbegu, mitetea ifungiwe pamoja na jogoo wake katika ua wa wavu au wa fito. Wala mayai ya siku za kwanza yasiaminiwe, kwa maana mbegu ya jogoo hukaa ndani ya mtetea mpaka majuma mawili au matatu. Mwenye kufungia kuku leo angoje majuma matatu ndipo aanze kukusanya mayai ya kuangua. Yale ya kabla ya hapo ni ya kikaango.

DAFTARI NA MAYAI

Daftari la senti chache lina thamani kuliko banda la mabati. Humo iandikwe tarehe, jina au alama ya mtetea, idadi ya mayai aliyolalia, vifaranga walioanguliwa, na wale waliofikia majuma nane. Mwaka mmoja ukipita, daftari hilo litamshangaza mwenyewe. Yule mtetea mwenye rangi nzuri aliyesifiwa na kila mgeni pengine aliangua kumi akakuza wawili. Na yule wa kijivu asiyetazamwa na mtu aliangua tisa akakuza wanane. Pora wa mbegu atoke kwa huyu wa kijivu. Waswahili husema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Maana yake jogoo huchaguliwa kwa mama yake kama achaguliwavyo kwa kifua chake.

Mayai ya kuangua yasizidi siku saba tangu kutagwa. Yawekwe mahali pa baridi, ncha nyembamba ikielekea chini. Yenye nyufa, madogo mno au yenye umbo la ajabu yasiwekwe. Mtetea wa kienyeji hufunika mayai kumi hadi kumi na matatu, naye hulalia siku 21. Siku ya saba usiku, kila yai lishikwe mbele ya tochi ndani ya chumba chenye giza: lenye uhai huonyesha mishipa kama mizizi, na tupu huonekana jeupe lote. Tupu litolewe. Mitetea miwili au mitatu ikitamia kwa wakati mmoja, ianzishwe siku moja, ili vifaranga wote wapewe mama mmoja alee, na hao wengine warudi kutaga mapema.

Majuma manne ya kwanza ndiyo ya hatari. Wakati huo mwewe, nguchiro, mvua na umande huchukua vifaranga wengi kuliko ugonjwa. Mama na wanawe wakae chini ya tenga mchana, wapewe maji safi, mahindi yaliyosagwa na mchwa, ambao ni nyama ya vifaranga. Usiku walale ndani. Kuku wakubwa wapate shimo la majivu na mchanga mkavu wa kujigaragaza, kwa maana utitiri ukiingia kiotani, mtetea huacha mayai akimbie.

KIDERI

Hakuna mbari idumuyo bila chanjo. Kideri, ambacho wataalamu hukiita ugonjwa wa Newcastle, kilitambuliwa mwaka wa 1926 huko Java na Uingereza, na mwaka wa 1935 kikaandikwa katika Kenya. Hakina tiba. Kikiingia, kuku hukohoa, huharisha kijani, hupinda shingo, na katika siku chache ua mzima hunyamaza. Mtu aweza kuchagua mbegu miaka kumi na kuipoteza kwa juma moja.

Chanjo ipo. Taasisi ya chanjo za mifugo ya Kenya, KEVEVAPI, huitengeneza, na iko aina iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, ambayo hustahimili joto kuliko nyingine. Ya kudondosha hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, nayo hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Wachanjwe kuku walio wazima tu; chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Tena majirani wachanje siku moja, maana chupa moja yatosha kuku wengi na gharama ikigawanywa huwa ndogo. Bwana mifugo wa karibu atawaelekeza.

Na kuku aliyenunuliwa sokoni asiingizwe uani siku hiyo hiyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nayo kamba hiyo iwe mbali na wengine kwa majuma mawili au matatu, mpaka ijulikane kama alikuja na ugonjwa.

MGENI ATAKULA NINI?

Sasa lirudiwe lile la kwanza. Yupo msomaji atakayesema kwamba maneno haya ni ya uchoyo, na kwamba heshima ya nyumba ni jogoo. Miongoni mwa Waluhya mgeni asiyechinjiwa kuku huhesabu kwamba hakukaribishwa, na firigisi ina mwenyewe wa kuila. Wajaluo nao na makabila mengine wana desturi zao. Desturi hizo ni njema, wala hakuna mwenye haki ya kuwaambia watu waziache.

Basi na iwe hivi. Kila mwaka, vifaranga wakifikia miezi mitano, mwenyewe awatazame na kuwapima kwa mizani, awagawe mafungu matatu: wa mbegu, wa soko, na wa chungu. Wa mbegu wafungwe uzi mwekundu mguuni, na nyumba nzima ijue maana yake, tangu bibi hata mtoto mdogo. Mama mkwe akifika jua likitua, na mke akiuliza, "Baba watoto, mama amefika, mtoto amkamate yupi?", jibu liwe tayari: "Mwenye uzi mwekundu aachwe. Akamatwe yule pora wa kahawia, nyama yake ni laini." Mama mkwe hatapungukiwa na kitu. Pora wa miezi mitano huliwa kwa raha kuliko jogoo mzee achemkaye tangu magharibi hata usiku wa manane.

Tena liko la heshima kuliko hilo. Asubuhi mama mkwe akiaga, apewe ndani ya kikapu mtetea mmoja mchanga wa ukoo ule ule, na mwaka ujao apelekewe pora wa mbari nyingine. Zawadi hiyo haiishi kwa mlo mmoja. Na siku mwewe, mwizi au kideri atakapofagia ua wa mtoaji, kama lilivyo jambo la kawaida katika ufugaji, mbegu yake itakuwa hai kwa mama mkwe, kwa shemeji, na kwa rafiki aliye ng'ambo ya mto. Ataomba mayai kumi, na ukoo utarudi nyumbani.

Hivyo ndivyo kuku hawa walivyofika mikononi mwa watu wa leo. Bibi mmoja alimpa mwingine, arusi ikampa arusi, na hapakuwa na ofisi iliyowatunza. Kazi ya mfugaji ni kuendeleza mkono huo, akiongeza daftari, chanjo na uzi mwekundu. Juma hili kabla ya jua kuchwa Jumamosi, kila mpenda kuku atoke uani kwake, amtazame vema jogoo aliye bora, na amfunge uzi.